John Williams wa Pasifiki: yanayosimuliwa na yaliyotokea

Dhana: Williams ndiye wa kwanza kuipeleka Injili Rarotonga, kisiwa cha Pasifiki ya Kusini.

Ukweli: aliyebaki Rarotonga alikuwa Papeiha, mwenyeji wa visiwa vya upande wa Tahiti. Mwaka 1823 Williams, kijana Mwingereza wa Chama cha Wamisionari cha London, alifika huko kwa meli akiwa na walimu wa visiwani pamoja na wake zao. Usiku wa kwanza wanawake hao walisumbuliwa vibaya mno, na asubuhi wote wakarudi melini. Papeiha akasema atabaki yeye. Akashuka peke yake na nguo chache na vitabu vya Kitahiti. Miezi minne baadaye akaja mwenzake mmoja, Tiberio. Williams aliporudi mwaka 1827, sehemu kubwa ya kisiwa ilikuwa imekwisha kuacha sanamu. Papeiha akaoa binti wa chifu Tinomana, akaishi na watu hao mpaka alipofariki mwaka 1867.

Kabla ya kufika Rarotonga, mwaka 1821, Papeiha alikwisha kuifanya kazi hiyohiyo katika kisiwa cha Aitutaki pamoja na mwenzake Vahapata. Huniuma kila ninapoona mtu wa namna hii akitajwa kwa neno moja tu, "msaidizi". Msaidizi wa nani, wakati mmisionari mwenyewe hakuwepo?

Dhana: Williams alijenga meli kwa mikono yake mwenyewe.

Williams alikuwa fundi kweli. Ujanani alifunzwa kazi kwa mfanyabiashara wa vyuma jijini London. Lakini meli ya "Messenger of Peace", iliyojengwa Rarotonga mwaka 1827 kwa miezi isiyozidi minne, ni jasho la kisiwa kizima. Misumeno haikuwepo, kwa hiyo magogo yalipasuliwa kwa kabari. Jiwe likawa fuawe. Walichinja mbuzi wapate ngozi ya mivukuto, panya wakaitafuna, ikabidi Williams abuni pampu ya kisanduku ya kuvuvia moto. Kamba zilisokotwa kwa magome ya miti, matanga yakawa mikeka. Na mikeka ile aliyeijua kuisuka si Mwingereza.

Dhana: kabla ya Williams, Samoa haikuwa imesikia habari za Kristo.

Ilikuwa imesikia, kupitia watu waliosafiri kati yake na Tonga. Hata mlango wa Williams ulifunguliwa mwaka 1830 na Msamoa, Fauea, aliyekuwa amekaa Tonga miaka mingi. Yeye ndiye aliyemfikisha Williams na walimu wake kijijini Sapapali'i kwa jamaa yake, chifu Malietoa, na ndiye aliyeshauri walimu wasianze kwa kukataza ngoma na michezo ya watu. Walimu 8 waliachwa huko.

Dhana: Williams aliuawa Erromango na watu wakatili bila sababu.

Tarehe 20 Novemba 1839, yeye na mwenzake James Harris waliuawa ufukweni, katika kisiwa ambacho leo ni cha Vanuatu. Lakini miaka kadhaa kabla yake meli za kutafuta msandali zilikwisha kufika hapo na kumwaga damu. Kwa mwenyeji aliyesimama ufukweni, meli ngeni ilikuwa meli ngeni. Hilo halimfufui Harris wala Williams, ila mauaji yale yalikuwa na chanzo.

Novemba 2009, baada ya miaka 170, wazao wa Williams walisafiri hadi Erromango wakapatanishwa na wenyeji, na ghuba alikouawa ikapewa jina lake.