Mkaa wa Taka Hunasa Viuatilifu, Ila Si Vyote

Maji yenye viuatilifu, yaani dawa za kuua wadudu na magugu, huweza kuwa maangavu, yasiyo na harufu wala ladha. Kuyachemsha huua vijidudu tu. Sumu nyingi hubaki, tena huzidi kukolea maji yanapopungua kwa mvuke.

Kinachoweza kuzinasa mara nyingi tunakitupa: vifuu vya nazi, magunzi, makapi ya mpunga. Vikichomwa kwenye chombo kilichozibwa, kwa nyuzijoto 400 hadi 700 hivi, haviwi majivu bali mkaa uliojaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Mkaa huo ukipitishiwa mvuke kwenye joto kali zaidi, vitundu huongezeka, na mkaa huwa amilifu. Gramu moja ya mkaa amilifu wa vifuu inaweza kuwa na eneo la ndani la mita za mraba 1,000, na hapo ndipo sumu hunata.

Hunata, lakini si kila sumu. DDT, dawa ya wadudu, haipatani na maji, hivyo hukimbilia kwenye mkaa. Atrazini, dawa ya magugu, nayo hunaswa vizuri. Glifosati, nayo dawa ya magugu, ni mkaidi: huyeyuka mno kwenye maji, na mkaa wa kawaida huiachia ipite. Kinachoinasa ni oksidi za chuma na alumini; zile za alumini zimejaa kwenye tope linalobaki maji yanaposafishwa kwa shabu. Mimi naona tope hilo halithaminiwi inavyostahili.

Chenga za chuma kutoka karakana hufanya kazi tofauti. Zinaposhika kutu hutoa elektroni, yaani chembe ndogo mno za umeme, zinazong'oa klorini kwenye viuatilifu kama DDT. Hata hivyo DDT hugeuka kwanza kuwa DDD, ambayo nayo ni sumu. Kwa hiyo ripoti inayosema tu "DDT imekwisha" haijamaliza kazi.

Tena majaribio mengi hufanywa kwa maji safi yaliyotiwa sumu makusudi. Maji ya mto yana mabaki ya majani yaliyooza, nayo hugombania vitundu vilevile. Chujio hujaa mapema, na likishajaa sumu hupita bila maji kubadilika rangi. Umoja wa Ulaya unaruhusu mikrogramu 0.1 ya kiuatilifu kimoja kwa lita ya maji ya kunywa, sawa na gramu moja katika lita milioni 10. Kiasi hicho hakionekani kwa macho. Ni kipimo cha maabara tu kitakachoonyesha kama mkaa umechoka.

Mkaa uliochoka usiumwage shambani wala usiupikie, kwa kuwa sumu yote iliyotoka majini sasa imo humo. Hurudishwa kwenye tanuri maalumu lenye nyuzijoto zaidi ya 800 na kichujio cha moshi, au hukabidhiwa wanaoshughulikia taka za sumu.

Ukishuku kisima chako, acha kwanza kunywa maji yake. Unapopeleka sampuli, beba pia jina la kiambato kilichoandikwa kwenye lebo ya dawa iliyopuliziwa jirani, maana maabara hupima kile ilichoambiwa ikitafute.