Mahali pekee hapatoshi: dhana zinazotupotosha tunapopeana maarifa ya uvuvi wa ndoano

Mvuvi wa fimbo akitangaza kwamba amepata sangara mkubwa, iwe Jinja, visiwa vya Ssese au chini ya maporomoko ya Murchison hapa Uganda, wenzake huuliza neno moja: wapi? Ni nadra aulizwe saa ngapi, kina gani, maji yalikuwaje, upepo ulitoka upande gani. Hapo ndipo dhana nyingi potofu zinapoanzia, na baadhi yake zinawaumiza samaki wenyewe.

"Ukishajua mahali, umemaliza"

Hii ndiyo dhana iliyoota mizizi kuliko zote. Sangara ni samaki wa pumzi nyingi. Maji yenye oksijeni haba humshinda mapema. Sasa, Ziwa Victoria halina oksijeni ile ile mwaka mzima. Kati ya Juni na Agosti pepo za kusini-mashariki hulikoroga mpaka chini, na maji ya kina hupata hewa. Pepo hizo zikishatulia, maji ya juu yenye joto hukaa juu ya yale ya baridi bila kuchanganyika nayo, na miezi ya mwanzo wa mwaka tabaka la chini kabisa huishiwa oksijeni. Ndiyo maana mwamba uliompa mtu samaki kwenye kina kirefu mwezi wa Julai unaweza kukaa mtupu Februari. Mwenye mwamba wake hulalamika kwamba siri imevuja na watu wamemaliza samaki. Hakuna aliyewamaliza. Wamepanda juu au wamesogea karibu na nchi kavu, kwenye pumzi.

Chini ya Murchison mambo ni tofauti. Pale Mto Nile hubanwa katika upenyo wa takriban mita 7 na kuanguka mita 43, kwa hiyo maji yanayotoka yamejaa hewa. Sangara hasimami katikati ya mkondo mkali, kwa sababu kufanya hivyo ni kuchoka bure. Hukaa ukingoni, pale maji yanayokimbia yanapopakana na yale yanayojizungusha taratibu nyuma ya mwamba, akisubiri samaki wadogo wapitishwe mbele yake. Aliyeielewa sababu hii hana haja ya kutajiwa mwamba wa mtu. Atasimama ukingoni, atayasoma maji, na atajua pa kutupa chambo hata kwenye mto asiowahi kuuona.

Tena mahali penyewe hapadumu. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilijaa kiasi ambacho hakikuwa kimeonekana kwa zaidi ya nusu karne. Kingo zilizozoeleka zilizama, na visiwa vya matete viling'oka vikawa vinaelea. Aprili mwaka huo kimoja kilikwama kwenye bwawa la umeme la Jinja na nchi ikaingia gizani. Maelekezo ya aina ya "simama kwenye jiwe la tatu kutoka mwaloni" (pale mitumbwi inapotia nanga) yalipoteza maana yote kwa msimu mmoja. Mwenye maelezo ya kina, upepo na rangi ya maji hakupoteza kitu.

"Tukiambiana, samaki watakwisha"

Hapa kuna nusu ya ukweli, na nusu hiyo inafaa kutazamwa vizuri. Kinachopunguza samaki katika maziwa yetu kinajulikana: makokoro (nyavu za kukokota), nyavu za matundu madogo, na kuvua samaki kabla hawajazaa hata mara moja. Uganda imeweka kipimo cha chini cha sentimita 50 kwa sangara, na sato naye ana kipimo chake. Maarifa ya namna hiyo, pamoja na jinsi ya kumpima samaki, kumng'oa ndoano bila kumchana na kutambua jike mwenye mayai, hayapunguzi samaki. Yatangazwe kwa sauti.

Yapo hata hivyo maarifa ambayo mimi siyatoi, na naomba na wengine wasiyatoe: mazalia ya sato. Dume huchimba kiota kwenye kina kifupi cha ghuba tulivu. Jike hutaga pale, kisha huyabeba mayai kinywani, na vifaranga wakishaanguliwa huendelea kuwaficha humo hatari ikitokea. Akinaswa na ndoano katika siku hizo huyatema mayai, na uzao wote unapotea kwa samaki mmoja anayejaza sahani. Ghuba ya namna hiyo ikitajwa kwa jina, wikendi mbili tatu zinatosha kuiharibu. Na si jina tu linalofichua. Picha iliyopigwa kwa simu huonyesha kilima, mnara au gati nyuma ya mvuvi, na faili lake halisi mara nyingi huwa limehifadhi mahali lilipopigwa.

"Samaki aliyerudishwa majini atakufa tu"

Inategemea alivutwa kutoka wapi na alikaa nje kwa muda gani. Sangara aliyepandishwa haraka kutoka kina kirefu hujaa upepo kwenye bondo, yaani kile kibofu chake cha hewa, na ukimwachia anaelea tumbo juu. Huyo kama ametimiza kipimo ni wa kupikwa, na asirudishwe kwa maonyesho. Lakini aliyevuliwa kwenye kina kifupi au mtoni, akashikwa kwa mikono iliyoloa, tumbo likategemezwa, ndoano ikatolewa kwa koleo akiwa bado majini, ana nafasi nzuri ya kuishi.

Kinachomuua mara nyingi ni picha. Sangara mzito huning'inizwa kwa taya huku mwenye simu akitafuta mwanga mzuri, na uzito wake wote unavuta viungo ambavyo majini havikuwa na kazi hiyo. Wale wakubwa kabisa kwa kawaida ni majike, na jike mmoja mkubwa hutaga mayai kwa mamilioni. Tayari wanaandamwa kwa sababu ya mabondo, ambayo soko la China hulipa bei ya juu. Sisi wa fimbo tusiwaongezee mzigo.

"Mvuvi wa nyavu hana cha kutufundisha"

Sangara aliletwa Victoria miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Asili yake kwa upande wetu ni Ziwa Albert na Nile ya chini ya Murchison. Maarifa ya wazee wa mialoni kuhusu ngege (ndugu wa sato), kamongo (samaki mwenye mapafu) na pepo za ziwa ni ya kale kuliko huyo sangara tunayemsifu. Kosa ni kuyachukua bila sababu zake. Wavua mukene, yaani dagaa wa ziwa, hutoka usiku usio na mwezi kwa kuwa taa ndiyo inayowakusanya mukene, na mbalamwezi huifanya taa isifae. Mvuvi wa fimbo akisikia tu "usiende kukiwa na mwezi" amebeba nusu ya somo, maana chambo chake hakitegemei taa.

"Hatari kila mtu ataiona mwenyewe"

Hataiona. Mamba wa Murchison ni wengi na hulala kwenye kingo zile zile zinazopendeza kwa kurushia chambo. Kiboko hurudi majini alfajiri kwa njia yake ya kila siku. Dhoruba za Victoria hupiga sana usiku na kabla ya mapambazuko. Ukimwelekeza mgeni kwenye maji unayoyafahamu, mwambie kwanza njia ya kiboko iko wapi, asimame umbali gani kutoka majini, nani ana boti yenye makoti ya kuokolea maisha, na kwamba ndani ya hifadhi anahitaji kibali cha uvuvi kutoka Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Habari za chambo zifuate baadaye.