Usimwachie mwenyekiti akuchagulie washiriki wa mjadala wa kikundi

Vijana wa utafiti wakija ofisini kuaga wanaenda fildi kufanya mijadala ya vikundi, yaani kukalisha watu wachache wazungumzie mada moja, huwa nawauliza, washiriki mtawapata wapi? Wengi wanajibu fasta, tutaongea na mwenyekiti wa kijiji atatukusanyia. Hapo ndo data inapoharibikia. Mwenyekiti sio mtu mbaya, ila atakuletea wale wale, shemeji yake, katibu wa vikoba, na wale kinamama ambao kila semina wapo na mambo ya posho wanayajua kuliko wewe. Watakujibu vizuri tu, yale unayotaka kusikia.

Mwenyekiti mpitie kwa ajili ya ruhusa, ni lazima, lakini watu tafuta mwenyewe. Tuseme unataka kujua kwa nini kuna kinamama bado wanajifungulia nyumbani, basi unamtaka aliyejifungua juzijuzi, ndani ya mwaka mmoja hivi, na usiishie kliniki maana asiyeenda kliniki utamkutaje huko? Pita nyumba kwa nyumba, muulize mkunga wa jadi, ukimpata mmoja akuelekeze kwa mwingine, ila ukibeba marafiki watano wa mama mmoja ni kama umehoji mtu mmoja.

Halafu nani anakaa na nani, hii watu wanaichukulia poa sana. Mkamwana ukimkalisha na mama mkwe wake utaambulia "ndio mama" mpaka mwisho. Nesi wa zahanati akiwepo hakuna atakayesema alitukanwa leba. Mabinti waliojifungua mara ya kwanza waweke kivyao, wenye watoto watano kivyao, wanaume nao kivyao. Kikundi sio bunge jamani, sio lazima kila aina ya mtu awemo chumba kimoja, tofauti utaziona ukilinganisha kikundi na kikundi, ndo maana kimoja kimoja hakitoshi, fanya hata viwili kwa kila aina.

Kwa kila kikundi watu 6 hadi 10 wanatosha, alika wawili wa ziada maana kuna mvua, kuna msiba. Nauli na soda waeleze wakati wa kuomba ridhaa, usitangulize hela, utashangaa waliojifungua juzi wanavyoongezeka.

Na usimwahidi mtu siri asilimia 100. Wewe utafunga mdomo, ila wenzake saba wamemsikia na wanachota maji bomba moja, mwambie hilo kabla hajasaini fomu ya ridhaa.