Matuta ya New Orleans hayakulipuliwa mwaka 2005

Ujumbe huu hauishi kuzunguka kwenye magrupu: eti kimbunga Katrina kilipoipiga New Orleans, Marekani, Agosti 2005, matuta ya kuzuia maji yalilipuliwa kwa baruti ili mitaa ya maskini izame.

Si kweli. Kwenye mfereji wa 17th Street, mmoja wa mifereji ya mji ule, ukuta wa zege uliojengwa juu ya tuta uliachia kabla maji hayajafika juu yake. Chini ya tuta kulikuwa na udongo laini. Maji yalipousukuma ukuta, udongo ule uliteleza. Ripoti za wahandisi ziko wazi kwa yeyote, na picha zake ndizo zilizonishawishi mimi: kipande cha tuta kimesogea zaidi ya mita 10, na uzio wa waya bado umesimama juu yake. Baruti ingeuacha uzio ule?

Wanaoamini hawajaota. Mwaka 1927 tuta la Caernarvon, kwenye mto Mississippi chini kidogo ya mji, lililipuliwa kweli ili kuuokoa mji, na maelfu ya watu wa vijijini wakapoteza makazi. Wajukuu wamesimuliwa. Tena usiku ule wa Katrina watu walisikia vishindo. Ukuta wa zege ukivunjika hunguruma.

Tafadhali, ukiupokea ujumbe huo wa baruti usiusambaze. Unaficha kosa lenyewe, la usanifu na udongo. Baadaye yalijengwa malango kwenye midomo ya mifereji, yafungwe kimbunga kikija. Mwaka 2021 kimbunga Ida kilipopiga, kingo za mji zilihimili.