Sikio Linapokataa Neno: Ufafanuzi kwa Wananchi wa Mtwara na Lindi

Kila inapokaribia Siku ya Kiswahili Duniani, inayoadhimishwa tarehe 7 Julai, kitengo chetu hupokea barua kutoka Mtwara na Lindi zinazolalamikia maneno mapya, nyingi zikiwa na hoja moja tu, kwamba neno fulani si Kiswahili kwa sababu halitamkiki. Tunawashukuru waandishi wake kwa kuijali lugha, lakini hoja hiyo inahitaji ufafanuzi.

Ni kweli kwamba kila mzungumzaji ana kipimo cha sauti ambacho hakufundishwa na mtu. Katika kikao kimoja mjini Lindi niliandika ubaoni maneno matatu ya kubuni: kifendu, skrefi na rtafu. Mama mmoja muuza korosho alilipokea la kwanza papo hapo, akauliza kama wingi wake ni vifendu. La pili lilimtia shaka kidogo, akasema huenda mafundi wa magari wanalijua, na alikuwa na sababu, maana skrubu tumeizoea. La tatu alilikataa, na alipoombwa alitamke akasema ritafu, yaani alilichomekea irabu, kama waqt ya Kiarabu ilivyopata irabu ikawa wakati. Kukubalika kwa sauti, basi, kuna ngazi.

Mwaka 1965 wanaisimu Noam Chomsky na Morris Halle walilieleza jambo hili kwa mifano ya Kiingereza: blick si neno la lugha hiyo ila lingeweza kuwa, ilhali bnick haliwezi. Wazungumzaji wa lugha hiyo hiyo hukwama kwenye jina la Mtwara, ambalo mtoto wa Mikindani hulitamka kwa silabi tatu, m-twa-ra, bila taabu yoyote.

Kwa hiyo dai kwamba Kiswahili hakiruhusu konsonanti kufuatana liachwe sasa, kwani tumelijibu mara nyingi mno. Labda, maktaba na daktari ni maneno yetu ya kila siku. Anayeshikilia kwamba kila neno lazima liishie kwa irabu akumbuke neno rais. Kinachoamua ni konsonanti zipi zimekutana, na zimekaa wapi. Tena sikio la mzawa hupima hata kisichoonekana katika maandishi: katika "mtu mbaya" neno la pili lina silabi tatu, m-ba-ya, lakini katika "nguo mbaya" lina mbili, mba-ya.

Malalamiko yaletwe kwa maandishi, yakitaja neno lenyewe, sentensi mbili linamotumika, mahali liliposikika, na mfuatano hasa wa sauti unaokataliwa, pamoja na namna mlalamikaji anavyolitamka anapojaribu. Barua isiyo na sentensi hizo hurudishwa bila kusajiliwa. Barua inayosema tu "sijawahi kulisikia" haipokelewi kama lalamiko la matamshi, kwa kuwa kifendu nalo hakuna aliyekuwa amelisikia, na mama yule alikwisha kulipatia wingi.