Maana ya "majani salama" kwa sungura anayepona

Mtu akiuliza kama jani fulani ni salama kwa sungura, mara nyingi anataka kujua kama lina sumu. Kwa sungura mzima wa afya, swali hilo linatosha kuanzia. Kwa sungura aliyetoka kuugua, au aliyefanyiwa upasuaji juzi, halitoshi. Kwake jani salama ni lile lisilo na sumu, ambalo tumbo lake linalimudu leo, na ambalo halichochei ugonjwa uliomlaza.

Sababu iko tumboni. Mwanzoni mwa utumbo mpana wa sungura kuna mfuko mkubwa uliojaa bakteria, na hao ndio wanaochachua majani hadi yamfae. Sehemu ya kilichochachuliwa hutoka kama kinyesi laini, kinachong'aa, kilichoshikana mithili ya kishada kidogo cha zabibu, naye hukila papo hapo kinapotoka. Usimzuie. Humo mna vitamini na protini anazozihitaji. Sungura asipokula, utumbo hupunguza mwendo, bakteria wazuri hukosa chakula, gesi hujaa, tumbo huuma, na maumivu yenyewe humfanya azidi kususa. Kutapika hawezi. Ndiyo maana sungura aliyekaa saa 12 bila kula wala kunya ni wa kupelekwa kwa daktari wa wanyama mara moja, si wa kubembelezwa kwa majani nyumbani.

Akishaanza kula, chakula cha kwanza ni nyasi kavu, ziwe mbele yake usiku na mchana. Nyuzinyuzi zake ndefu ndizo zinazousukuma utumbo, na kuzitafuna kunasaga meno ambayo hayaachi kukua maisha yake yote. Majani mabichi huja juu ya hizo, hayachukui nafasi yake. Faida yake kubwa kwa mgonjwa ni mbili: maji na harufu. Osha kitawi cha giligilani, usikikaushe, kishike karibu na pua yake kisha utulie. Pua itaanza kuchezacheza, atageuza kichwa, atavuta jani moja la pembeni. Nanaa na mrehani pia humwamsha hamu hivyo hivyo. Akikataa, kiondoe ulete kingine baadaye. Kumlundikia majani yakasinyaa mbele yake hakumsaidii.

Mengine yanayofaa ni nyasi mbichi zilizokatwa kwa mkono, majani ya karoti na saladi yenye majani ya kijani kilichokolea. Saladi ile nyeupe iliyofunga kama kabichi ni maji matupu, haina nyuzinyuzi za maana. Kishona nguo kichanga nacho ni kizuri, mradi kisitoke mahali palipopuliziwa dawa au kando ya barabara yenye magari mengi. Nyasi zilizokatwa kwa mashine ziache kabisa: huchacha upesi zikiwa kwenye lundo, na zitachachukia tumboni mwake vilevile.

Sasa ugonjwa wenyewe. Aliyekuwa amejaa gesi apumzishwe kabichi, koliflawa na jamii yake. Aliyetibiwa mawe au uchafu mzito kwenye kibofu asipewe sukuma wiki kwa wingi, wala alfalfa, jani la malisho ya mifugo, kwa sababu sungura hufyonza kalsiamu nyingi kadiri anavyoila na ziada huitoa kwa mkojo. Jani hilo hilo la sukuma wiki, kidogo, halimdhuru aliyekatwa jipu mguuni. Spinachi ina oksaleti nyingi, yaani kemikali ya asili inayoweza kudhuru figo ikizidi, kwa hiyo iwe ya mara chache kwa yeyote. Karoti na matunda vina sukari, na tumbo linalojijenga upya halihitaji sukari hiyo.

Yenye sumu hayana mjadala: vitunguu vya aina zote, parachichi pamoja na majani yake, majani ya nyanya, majani mabichi ya mihogo, mbarika na lantana, kile kichaka chenye maua madogo ya rangi mbalimbali. Hapa watu huchanganya viazi. Majani ya viazi mviringo yana sumu, lakini matembele, yaani majani ya viazi vitamu, sungura hula kwa kiasi bila shida. Kama huna hakika umeshika lipi, usimpe.

Neno moja kuhusu dawa, maana naona linaua sungura ambao wangepona: usimpe antibiotiki ya amoksilini iliyobaki nyumbani. Ikimezwa huua bakteria wale wale unaojaribu kuwalisha, wabaya huchukua nafasi yao, na anaweza kufa. Kuna antibiotiki zinazomfaa, na daktari anazijua.

Kiasi? Anza na majani mawili matatu ya aina moja, usiongeze aina nyingine mpaka siku mbili zipite. Kwa sungura mkubwa aliyepona kabisa, kikombe kimoja kilichoshindiliwa kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku kinatosha. Kila asubuhi tazama vipira vya kinyesi kigumu. Vikiwa vidogo, vikavu, vimepinda au vimepungua, rudi kwenye nyasi kavu na umpigie daktari. Vikiwa vya duara, vya ukubwa unaolingana, na ukikivunja kimoja ndani unaona vipande vya nyasi zilizosagwa, mletee jani la aina ya pili.