Siku moja Fernandina: maji baridi ndiyo yanapanga utamwona nani

Kila safari ya Galápagos, visiwa vya Ecuador kule Pasifiki, usiku ule kabla hatujafika visiwa vya magharibi, Fernandina na Isabela, lazima mtu aniulize mezani "kesho pengwini tutawaona saa ngapi?" kama vile wana ofisi. Mimi fani yangu ni biolojia ya bahari, melini natoa maelezo jioni na mchana natembea na wageni (nchi kavu anayeongoza rasmi ni mwongozaji mwenye leseni ya hifadhi, kila mmoja na watu wasiozidi 16, hiyo ni sheria), na jibu langu huwa lilelile tu, achana na saa, niulize maji yana baridi kiasi gani.

Iko hivi. Kwenye Pasifiki, pale ikweta, maji ya juu yanasukumwa na upepo kwenda magharibi, lakini chini yake kuna mkondo mwingine unaenda kinyume, unakuja mashariki. Unaitwa mkondo wa Cromwell, kwa jina la Townsend Cromwell, mtafiti Mmarekani aliyeugundua mwaka 1952. Sasa huo mkondo unakuja weee mpaka unagonga miguu ya volkano za Fernandina na Isabela, hauna pa kupita, unapanda juu na baridi yake yote pamoja na virutubisho vya kule chini, mwani unastawi, samaki wadogo wanajaa, na wanaokula hao samaki nao wanajaa. Ndo maana pengwini anaishi ikweta. Hakuna siri nyingine.

Fernandina mgeni anaruhusiwa kushuka sehemu moja tu, Punta Espinoza. Boti za mpira zinatushusha asubuhi mapema kwenye lava nyeusi kando ya mikoko, na watu wengi hatua za mwanzo wanakaribia kukanyaga iguana maana rangi ni moja na jiwe. Iguana wa baharini usiku wanalala wamerundikana, na saa moja asubuhi bado wamepoa kabisa, wamelala bapa wamegeuzia jua ubavu, hawana habari na wewe. Hapo nawaambia watu kaeni chini, mita mbili kutoka kwa mnyama kama sheria inavyosema, chagueni mmoja mumwangalie huyohuyo. Kwanza utaona kichwani ana kofia nyeupe, hiyo ni chumvi. Anakula mwani ndani ya bahari kwa hiyo anameza chumvi nyingi mno, ana tezi za kuitoa puani, na kila baada ya muda anapiga chafya, tsii, matone yanaruka hewani na mengine yanamrudia mwenyewe usoni (na kwenye lensi yako ukikaa upande wa upepo). Jua likipanda utaona amebadilisha mkao, kifua kimenyanyuka, uso unaelekea jua moja kwa moja, yaani sasa anakwepa joto, anapunguza sehemu ya mwili inayopigwa na jua. Akishapata joto la kutosha anaenda kula. Wadogo wanasubiri maji yakupwe wale kwenye miamba iliyoachwa wazi, madume makubwa ndo yanapiga mbizi, na hata hayo hayakai sana maana maji yanawanyonya joto, yanarudi yanajikokota na kuanza kuota jua upya.

Mbele kidogo kuna minandi wasioruka. Huyu ndo ndege wangu, nasema wazi, hao bubi wenye miguu ya buluu wameshapata sifa za kutosha. Mnandi huyu yuko Fernandina na Isabela tu, dunia nzima wako kama elfu moja hadi mbili hivi, na mabawa yake ni vibawa, theluthi hivi ya ukubwa ambao angehitaji ili apae. Nchi kavu hakukuwa na wa kumkimbiza na chakula, pweza na mikunga, kiko palepale pwani, kuruka kukawa hakuna faida. Ila bado akitoka majini anavitandaza vikauke! Simama karibu na kiota usubiri zamu zibadilike: anayerudi kutoka baharini haji mikono mitupu, anabeba kipande cha mwani, anamkabidhi mwenzake aliyelalia, na yule anakichomeka kwenye kiota kwa umakini wa ajabu. Chakula kikiwa kingi jike huwa linamwachia dume kifaranga, linaenda kutafuta dume lingine. Mezani jioni hiyo habari lazima izue mjadala.

Kuogelea sina mengi ya kusema, vaa wetsuti (suti ya mpira ya kuzuia baridi), maji yanaweza kuwa chini ya nyuzi 20, utaona kasa wakila mwani na simba-bahari watakuchungulia kwenye miwani.

Halafu kuna miaka mkondo unadhoofika, El Niño. Ile ya 1982–83 iliondoka na pengwini zaidi ya theluthi mbili na minandi karibu nusu. Iguana nao mwani ukipotea wanasinyaa, na sio kukonda tu, urefu wenyewe wa mwili unaweza kupungua hadi asilimia 20, na hali ikitengemaa wanarefuka tena.

Mchana meli inavuka mlango wa Bolívar, ule mlango-bahari kati ya Fernandina na Isabela, hapo usiende kulala, panda juu uangalie pumzi za nyangumi. Jioni ni Punta Vicente Roca, upande wa Isabela, ni kwa boti tu hakuna kushuka, na kwenye maji baridi chini ya jabali mara nyingi wapo samaki-jua wale wakubwa bapa.

Juni hadi Novemba maji ni baridi zaidi na uhai ni mwingi ila mawingu na manyunyu yapo na bahari inachafuka kidogo, Januari hadi Mei kumetulia na kuogelea kunapendeza. Mimi ningechagua Septemba. Na kabla hujalipa hela yako uliza ratiba inapita magharibi au la, kwa sababu hifadhi hairuhusu meli kurudi kituo kilekile ndani ya siku 14, kwa hiyo meli ileile wiki hii inaweza kwenda Fernandina na wiki inayofuata isifike kabisa.